Mnakili, Matbaa na Msimbo: Historia ya Zana za Uandishi Unguja na Mustakabali wa Taaluma ya Uhandisi wa Programu

1.0 Utangulizi

Mwezi Juni 2021 kampuni ya GitHub ilitangaza zana iitwayo Copilot, ambayo humpendekezea mhandisi wa programu mistari ya msimbo wakati yeye mwenyewe bado anaiandika. Mwaka uliofuata zana hiyo ilianza kuuzwa kwa watumiaji wote, na Novemba 2022 ikafuata ChatGPT. Tangu hapo zana za akili mnemba zimetoka katika kukamilisha mstari mmoja na kufikia kuandika faili zima, kuliendesha, kulijaribu na kulirekebisha. Mjadala uliozuka umegawanyika pande mbili. Upande mmoja unashikilia kwamba taaluma ya uhandisi wa programu inaelekea ukingoni. Upande wa pili unaiona zana hii kuwa nyenzo kama nyenzo nyingine, itakayomwongezea mhandisi kasi na kumwacha mahali pake.

Makala hii inashikilia kwamba pande zote mbili zinauliza swali pungufu. Swali la iwapo mashine itaiua kazi haliwezi kujibika vizuri bila ya kuuliza maswali mengine mawili: kazi inapohama, inahamia mikononi mwa nani? Na katika mpangilio mpya, mwanagenzi anajifunzia wapi? Unguja inafaa kuulizwa maswali haya kwa sababu imekwisha kuyapitia. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Mji Mkongwe ulipokea matbaa, na kazi ya kunakili maandishi kwa mkono, iliyokuwa na mafundi wake, heshima yake na njia yake ya kufundishana, ikabadilika. Miaka mingi baadaye nchi ambayo Zanzibar ni sehemu yake ilizipokea kompyuta, ikaziogopa, kisha ikazirudia. Matukio haya mawili yanasomwa hapa ili kuangaza hali inayoikabili Zanzibar ya leo.

2.0 Kunakili kulikuwa kazi mbili kwa wakati mmoja

Kabla ya matbaa, maandishi yote ya Unguja yalikuwa kazi ya mkono. Misahafu, vitabu vya fiqhi, barua za biashara, hati za mauzo ya mashamba na nyumba, hati za wakfu na tungo za Kiswahili ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Aliyetaka kitabu alikinakili mwenyewe au alimlipa mwenye khati nzuri amnakilie. Sehemu ya urithi huo imehifadhiwa hadi leo katika Nyaraka za Taifa Zanzibar, Kilimani.

Ni rahisi kuiona kazi ya mnakili kuwa ni ya kuzidisha idadi ya nakala tu. Mtazamo huo unaacha nusu ya ukweli. Kunakili kulikuwa pia ndiyo njia ya kusomea. Mtoto aliyekwenda chuoni aliandika kwenye ubao, akasahihishwa na mwalimu, akafuta, akaandika tena. Mwanafunzi aliyepanda daraja alinakili kitabu cha mwalimu wake mbele ya mwalimu huyo, na katika kunakili huko alikutana na neno asilolijua, akauliza, akaelezwa. Nakala aliyoipata ilikuwa tunda la pili; tunda la kwanza lilikuwa yeye mwenyewe kuwa mjuzi wa kitabu.

Kwa hiyo kazi moja ilibeba mambo mawili: uzalishaji wa maandishi na uzalishaji wa watu wanaoyaelewa maandishi. Mambo haya yalikwenda pamoja kwa muda mrefu kiasi kwamba hapakuwa na haja ya kuyatenganisha hata kwa jina. Zana mpya ilipokuja, iliyatenganisha.

3.0 Matbaa mbili

Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeanzisha matbaa ya dola mjini Unguja. Katika zama zake kebo ya simu ya maandishi kutoka Aden ilifika kisiwani mwaka 1879, na jengo la Beit al-Ajaib likakamilika mwaka 1883. Matbaa yake, iliyoanza kutoa vitabu karibu na mwaka 1880, ilichapisha hasa vitabu vya madhehebu ya Ibadhi. Miongoni mwake kilikuwamo Qamus al-Sharia, kitabu cha juzuu nyingi mno ambacho ni sehemu yake tu iliyowahi kuchapishwa hapo.

Uchaguzi wa kitabu hicho unaeleza mengi. Kitabu cha aina hiyo kingemgharimu mnakili sehemu kubwa ya uhai wake. Matbaa ilianza pale ambapo mkono ulikuwa umezidiwa, yaani kwenye kazi ndefu, zinazojirudia na zinazohitaji nakala nyingi zinazofanana. Haikuanza na hati ya wakfu wala ya mauzo. Hati hizo ziliendelea kuandikwa kwa mkono kwa miaka mingi, na sababu yake haikuwa udhaifu wa mashine. Hati ni ahadi. Inahitaji mwandishi anayejulikana, mashahidi waliotajwa kwa majina na kadhi wa kuithibitisha. Ikizuka kesi, mahakama haiulizi maneno yaliandikwa kwa kasi gani. Inauliza ni nani aliyeyaandika na ni nani aliyeyashuhudia.

Sambamba na matbaa ya Sultani ilikuwapo matbaa ya Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ambayo wamisionari wake walifika Unguja mwaka 1864, akiwamo Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu mwaka 1874. Vijana waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa walifundishwa uchapaji katika matbaa hiyo. Huko Kiungani, mwaka 1888, lilianza kuchapwa jarida la Msimulizi, lililobeba habari zilizoandikwa na Waafrika wenyewe kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi.

Katika matbaa ya misheni palikuwa na ngazi. Kazi ya uchapaji kwa asili yake ina daraja za chini: kusafisha mitambo, kupanga herufi za risasi, kurudisha herufi vijalubani mwake, kusoma rasimu ili kutafuta makosa. Kijana asiyejua kitu aliweza kuingilia chini, akapanda. Mashine ilikuwa mpya, lakini ilikuja pamoja na uanagenzi wake.

4.0 Kazi ilihama mikono

Je, mnakili wa Mji Mkongwe aligeuka kuwa mchapaji? Kwa kiasi kikubwa sivyo ilivyokuwa. Matbaa ya misheni ililea kundi jingine kabisa la watu, tena kwa herufi nyingine. Baada ya Zanzibar kuwekwa chini ya himaya ya Waingereza mwaka 1890, gazeti rasmi la Gazette for Zanzibar and East Africa lilianza mwaka 1892 kwa Kiingereza. Shule za serikali zilizofunguliwa mwanzoni mwa karne ya 20 zilisogeza elimu kuelekea herufi za Kirumi. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya maeneo ya Afrika Mashariki ili kukisanifu kwa herufi hizo hizo.

Hapa pana kinaya kinachostahili kuzingatiwa. Lahaja ya Unguja ilipandishwa daraja, ilhali elimu ya maandishi ya Waunguja wengi ilishushwa. Mtu aliyesoma na kuandika kwa ufasaha kwa herufi za Kiarabu alijikuta mbele ya ofisi ya serikali akihesabiwa kama asiyejua kusoma. Ujuzi wake haukupungua hata chembe. Kilichobadilika ni kipimo. Na kipimo hicho hakikuwekwa na matbaa, kwani matbaa inachapa herufi zozote itakazopangiwa. Ushahidi ni gazeti la Al-Najah, lililoanzishwa mwaka 1911 likihaririwa na Nasir bin Salim al-Rawahi na kuchapwa kwa Kiarabu hapa hapa Unguja. Kipimo kiliwekwa na walioamua ni maandishi gani yatakayofungua mlango wa ajira.

Kutokana na historia hii tunaweza kutoa mambo matatu. Kwanza, zana mpya haikuifuta kazi ya maandishi. Iliiongeza, kwa kuleta magazeti, vitabu vya shule, wahariri na wasahihishaji ambao hawakuwapo kabla. Pili, kazi hiyo iliyoongezeka haikuwarudia wale wale walioifanya awali. Tatu, sehemu iliyodumu mikononi mwa binadamu kwa muda mrefu zaidi ni ile iliyodai dhamana, yaani jina la mtu wa kuulizwa.

5.0 Kompyuta bila ya wenyeji, na wenyeji bila ya kompyuta

Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Baadaye ilifanywa jitihada ya kuhamishia hesabu za Serikali kwenye mashine kubwa zaidi. Jitihada hiyo ilikwama: mfumo ulitegemea wataalamu wa kigeni, hesabu zikavurugika, na ikabidi kurudi nyuma. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini isipokuwa kwa kibali maalumu. Zuio hilo lilianza kulegezwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1980, kompyuta ndogo za mezani zilipoanza kuenea.

Tukio hili husimuliwa mara nyingi kama kichekesho cha woga wa teknolojia. Usomaji huo haulitendei haki. Tatizo lililoikumba Hazina lilikuwa la kweli: mashine ilikuwapo, lakini watu wa kuihoji hawakuwapo. Ilipotoa jawabu lisilo sahihi, ndani ya ofisi hakukuwa na wa kutosha wa kusema kosa limeingilia wapi. Wahenga wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka, na utaalamu uliokuwa ng'ambo haukuweza kuziokoa hesabu za ndani.

Dawa iliyochaguliwa, hata hivyo, ilirefusha maradhi. Kuzuia mashine hakukuzalisha watu wa kuihoji. Kizazi kizima cha vijana ambao wangejifunza kwa kukosea na kurekebisha kilikosa mahali pa kukosea. Kosa la miaka ya 1960 lilikuwa kuipokea zana bila ya uanagenzi. Kosa la mwaka 1974 lilikuwa kuukata uanagenzi pamoja na zana. Yote mawili yanaweza kurudiwa leo kwa sura mpya.

6.0 Zanzibar ya sasa

Hali ya leo inatofautiana sana na ile ya 1974. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, kinafundisha sayansi ya kompyuta. Mwaka 2023 Taasisi ya Teknolojia ya India ya Madras ilifungua kampasi yake Bweleo, ikianza na masomo ya sayansi ya data na akili mnemba. Mwaka 2022 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa kushirikiana na kampuni binafsi, ilizindua mpango wa Silicon Zanzibar uliolenga kuzivuta kampuni za teknolojia na wataalamu wao zije kufanyia kazi zao Fumba. Mamlaka ya Serikali Mtandao Zanzibar inasimamia mifumo ya taasisi za umma, na huduma nyingi ambazo mwananchi alizifuata kwa karatasi sasa zinapitia kwenye kompyuta.

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, Zanzibar ilikuwa na wakaazi 1,889,773. Soko la ndani la programu ni dogo, na ndiyo maana kijana anayehitimu huingia katika taaluma kwa njia za chini: tovuti ya hoteli ya Nungwi, mfumo wa hesabu za duka la Darajani, marekebisho madogo katika mfumo wa taasisi, au kazi ndogo za kulipwa kwa mteja wa nje kupitia intaneti. Kazi hizi ndizo ubao wake wa kuandikia. Nazo ndizo ambazo zana za akili mnemba huzifanya kwa wepesi zaidi, kwa kuwa ni fupi, zinajirudia na mifano yake ni mingi duniani.

7.0 Mjadala: nini kinahama na nini kinabaki

Ushahidi wa tafiti kuhusu zana hizi haujaelekea upande mmoja, na tofauti zake zina mafunzo. Katika jaribio lililoripotiwa na Peng na wenzake mwaka 2023, wahandisi waliotumia Copilot walimaliza kazi moja iliyopangwa mapema kwa muda uliopungua kwa asilimia 55.8 ukilinganisha na wenzao. Mwaka 2025 taasisi ya METR iliwapima wahandisi 16 wazoefu wakifanya kazi 246 katika miradi wanayoijua kwa miaka. Walipotumia akili mnemba walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19, ilhali wenyewe waliamini kwamba waliharakishwa kwa asilimia 20. Mwaka huo huo Brynjolfsson na wenzake, wakitumia kumbukumbu za mishahara za Marekani, walionesha kuwa ajira za wahandisi wa programu wenye umri wa miaka 22 hadi 25 zilipungua kwa karibu asilimia 20 kutoka kilele chake cha mwishoni mwa mwaka 2022, wakati ajira za walio wakubwa zaidi hazikuporomoka namna hiyo.

Tafiti hizi zikisomwa pamoja zinakubaliana na historia iliyotangulia. Zana huokoa muda mwingi katika kazi mpya na iliyokatwa vipande, kama matbaa ilivyofanya kwa kitabu kirefu. Huokoa kidogo, au hupoteza muda, pale ambapo thamani ya kazi imo katika kuujua mfumo wenyewe, historia yake na sababu za kila kipande kuwapo kilipo. Na anayeumia kwanza ni yule aliye kwenye daraja la chini la ngazi.

Inaweza kupingwa kwamba ulinganisho huu una mipaka, kwa kuwa mnakili alirudia maneno yaliyokuwapo, ilhali akili mnemba hutunga msimbo mpya. Pingamizi hilo ni la haki, lakini linaipa nguvu hoja badala ya kuipunguza. Nakala ya matbaa iliweza kulinganishwa na asili yake. Msahihishaji aliweka karatasi mbili sambamba akatafuta tofauti. Msimbo unaotungwa na mashine hauna asili ya kulinganishwa nayo. Asili yake ni haja ya mtu: namna sheha anavyomthibitisha mkaazi wa shehia yake, namna kodi inavyokokotolewa kwa mfanyabiashara aliyefunga duka nusu ya mwaka, namna mirathi inavyogawanywa. Anayesahihisha lazima aijue haja hiyo na aujue msimbo pia. Kwa hiyo usahihishaji wa leo unahitaji elimu kubwa kuliko ule wa karne ya 19, si ndogo.

Hapo ndipo lilipo tatizo lenyewe. Taaluma inaelekea kumhitaji zaidi msahihishaji, ilhali njia iliyozoeleka ya kumpata msahihishaji ni kupitia miaka ya kuandika vibaya na kusahihishwa. Zana ikichukua uandishi wa chini, kampuni moja moja haitaona hasara mwaka huu wala mwaka ujao, kwa kuwa wazoefu wake bado wapo. Hasara itaonekana wazoefu hao watakapoondoka. Kwa nchi kubwa yenye maelfu ya wazoefu, pengo hilo litachelewa. Kwa Zanzibar, ambayo bado inawajenga wazoefu wake wa kwanza, pengo linaweza kutangulia kabla ya akiba kuwapo.

Kuna upande wa matumaini, nao haupaswi kudharauliwa. Zana hizi hupokea maelezo kwa lugha ya kawaida, Kiswahili kikiwamo, hata kama kwa Kiingereza zinafanya vizuri zaidi kwa sababu maandishi zilizofunzwa nayo ni mengi kwa lugha hiyo. Mtu mwenye kuijua haja, lakini aliyezuiwa na Kiingereza cha vitabu vya programu, amefunguliwa mlango. Gharama ya kutengeneza mfumo mdogo ikishuka, watakaotaka mifumo wataongezeka, kama vile matbaa ilivyozalisha wasomaji wa magazeti ambao hawakuwapo. Lakini historia ya herufi inatuonya kuwa mlango hautoshi. Kipimo cha ajira kikiendelea kuwekwa ng'ambo, kwa lugha ya ng'ambo na kwa mahitaji ya ng'ambo, Unguja inaweza tena kutoa malighafi ya lugha huku watu wake wakihesabiwa kuwa hawajui kusoma.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba zana za kuandika, kutoka matbaa ya Barghash hadi kompyuta ya Hazina, hazikuamua peke yake hatima ya wenye kazi. Kilichoamua ni mipango iliyozizunguka: herufi zilizochaguliwa, ngazi iliyowekwa au kuachwa, na mtu aliyebebeshwa dhamana. Kwa msingi huo, mustakabali wa uhandisi wa programu Zanzibar hautasomwa katika uwezo wa mashine pekee.

Yapo mambo matatu yanayofuata kutokana na hoja hii. Vyuo vya Unguja vinapaswa kumtahini mwanafunzi si kwa programu aliyoileta tu, bali kwa uwezo wake wa kueleza kwa mdomo kila sehemu inafanya nini na kugundua kosa lililofichwa ndani yake. Hii ni sawa na kumrudisha mbele ya mwalimu na ubao wake. Mikataba ya Serikali ya kutengeneza mifumo ya umma inapaswa kudai kuwapo kwa wanagenzi wa Kizanzibari ndani ya kazi, kukabidhiwa kwa msimbo na maelezo yake kwa Kiswahili, na jina la mhandisi anayedhamini kila sehemu, iwe imeandikwa na mkono au na mashine. Mwisho, woga wa mwaka 1974 haupaswi kurudiwa: kumkataza mwanafunzi kuigusa zana hakutamfanya aijue.

Mnakili wa Mji Mkongwe hakushindwa na matbaa. Alishindwa kwa sababu hakuna aliyempangia njia ya kutoka kwenye kalamu hadi kwenye meza ya usahihishaji. Njia hiyo kwa wahandisi vijana wa leo bado inaweza kupangwa, maadamu wazoefu wachache waliopo wangali kazini kuwasahihisha.